Mawe Yaliyoyeyuka Bandani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe na kila kinywa, hata kinywa kama changu, kilicholitaja jina lake juu ya jambo ambalo halikutokea.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumapili, nilipopita mbele ya kanisa letu hapa Rumonge nikiwa nimeshika kopo la kioo. Saa ile naikumbuka kwa sababu saa ya ukutani inatazamana na mimbari, nami nilikuwa nimeikodolea macho ili nisitetemeke. Ndani ya kopo mlikuwa na vigololi vya kijani, vingine vikubwa kama ukwaju, vingine vidogo kama harage. Nililiinua kopo mpaka juu ya kichwa. Nikasema: haya ni mawe ya nyongo, yametoka mwilini mwangu bila kisu cha daktari, Bwana ameyatoa kwa mafuta ya mawese na ndimu. Mlipiga vigelegele. Mama mmoja alilia. Wengi wenu mlikuwapo.

Leo nimesimama mahali palepale bila kopo, kuwaambieni yale yaliyofuata.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ni mtengeneza sabuni. Banda langu liko nyuma ya soko la mawese. Nilikulia kambini Tanzania, nikarudi nchini nikiwa mtu mzima, na shule yangu iliishia darasa la sita. Mengine yote nimejisomea. Nikiona karatasi imefungiwa karanga, naisoma kabla ya kula karanga. Kwa sababu hiyo watu huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Ndugu zangu, jina lile lilinipendeza kuliko ilivyofaa, na hapo ndipo mguu wangu ulipoteleza.

Nilianza kuumwa tumbo wakati wa mvua. Maumivu yalikuja juu ya kitovu, nikila pilipili yanazidi, nikinywa maziwa yanatulia. Sikwenda kupimwa. Nilikuwa na kitabu cha tiba nilichokinunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu, na kurasa nyingine mpwa wangu alinifungulia kwenye simu. Nikasoma habari za mawe ya nyongo, jinsi nyongo inavyoganda ndani ya mfuko wake mdogo chini ya ini na kuwa mawe. Nikasoma kwamba maumivu yake hukaa upande wa kulia chini ya mbavu. Yangu hayakuwa huko, lakini nilijibonyeza upande wa kulia mpaka pakauma, nikaridhika. Kisha nikakuta dawa: usile mchana kutwa, kunywa chumvi ya haluli, halafu kunywa mafuta kikombe kizima yaliyochanganywa na maji ya ndimu, ulale. Asubuhi mawe yatatoka.

Nikafanya hivyo, nikatumia mawese yangu mwenyewe, yaliyochujwa vizuri. Asubuhi yakatoka yale ya kijani. Nikayaosha, nikayaweka kwenye kopo, na Jumapili mkayaona.

Wiki ile ilikuwa wiki ya sifa. Sokoni wanawake wa mawese walinitania: "Baba Neema, umezaa bila mukunga! Mutoto ni mwanaume ao mwanamuke?" Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa najiona mtu aliyewashinda madaktari. Watu wakaanza kuja bandani kuulizia dawa. Nikaona ni vema kuwaandalia tayari, mafuta na ndimu kwa vipimo, kwenye chupa. Nikawatoza faranga elfu kumi chupa moja. Nilijiambia kwamba ndimu zimepanda bei.

Na kwa kuwa sasa nilikuwa bingwa wa mawe, nikamgeukia mke wangu.

Mke wangu Consolata, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Neema, amepita miaka arobaini na mitano. Amezaa mara saba. Ana mwili mkubwa, na mama yake mzazi alikufa na maumivu ya ubavu ambayo hakuna aliyejua jina lake. Kitabu changu kilisema mawe huwapata zaidi wanawake, waliozaa mara nyingi, waliopita arobaini, walionenepa, wenye ugonjwa wa sukari, na wale ambao kwao ugonjwa huo umo katika ukoo. Nilimsomea orodha ile mezani mbele ya watoto, nikimnyooshea kidole kwa kila neno. Naona aibu kulisema hilo kuliko mengine mengi. Aliniambia tu, "Baba Neema, hao watoto saba sikuwazaa peke yangu."

Nikampangia chakula. Chai asubuhi bila sukari, kisha maji mpaka jioni, jioni mboga na kipande cha mhogo. Siku nyingine nilimwambia afunge kabisa, na nikaiita funga ya maombi ili asikatae. Alipungua upesi. Nguo zilimlegea mabegani, nami niliwaonyesha watu jinsi anavyopungua, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Kitabu changu kilikuwa kimechanika ukurasa uliofuata ile orodha. Sikujua kilichoandikwa humo, na sikujali kutafuta.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye siku ninayotamani ingefutika.

Kopo langu la ushuhuda nililiweka bandani, juu ya rafu, ili kila anayekuja kununua alione. Mchana mmoja nilikuwa nachemsha pipa la mawese na moto ulikuwa mkubwa. Bandani kulikuwa na joto la kuchoma macho. Niligeuka kutazama rafu, nikaona mawe yangu hayapo. Ndani ya kopo mlikuwa na uji wa kijani umelala chini, na juu yake utando wa mafuta.

Nililishusha. Nikafungua. Harufu niliyoipata naijua kuliko harufu ya nyumba yangu. Nikachota kidogo kwa kidole, nikatia maji, nikasugua viganja. Likaja povu. Lilikuwa povu dogo, jembamba, la sabuni iliyokosa kukomaa, lakini lilikuwa povu.

Miaka kumi na minne nimekuwa nikigeuza mawese kuwa sabuni. Najua kwamba mafuta yakikutana na kitu kinachoyashika, huganda na kubadilika. Tumbo langu lilikuwa limefanya kazi ya banda langu: mafuta niliyokunywa yalikuwa yamegandia humo pamoja na maji ya ndimu na rangi ya nyongo. Nilikunywa mafuta, nikatoa sabuni mbichi, nikaipeleka kanisani nikasema ni mawe. Mtu mwingine yeyote hapa Rumonge angeweza kusamehewa kwa kutoijua. Mimi je?

Povu lilikuwa bado mkononi mwangu nilipobishiwa hodi.

Alikuwa mwanamke wa Magara. Alikuwa mnene, amejifunga kitenge cha bluu chenye maua meupe, mtoto mgongoni. Alikuwa amebeba ndagala kavu, dagaa wa ziwani, zimefungwa ndani ya jani la mgomba, kama zawadi.

"Amahoro, mutumishi," alisema. "Ni wewe ule Mwalimu wa mawe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi nauzaga ndagala pale Magara. Nikikula tu, inakamata hapa." Akashika ubavu wa kulia. "Inapanda mupaka ku bega. Njo nikasikia Rumonge iko muzee Mungu alimuponya."

Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Akasema miezi saba, naye ni wa sita. Ndugu zangu, yule mama alikuwa na maumivu mahali hasa kitabu kilipopataja, mahali ambapo mimi sikuwa nayo. Kama kuna mtu aliyekuwa na mawe ya kweli katika habari hii yote, ni yeye. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia: mama, dawa hii si dawa, nenda hospitali ukapimwe. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameniita mtumishi, alikuwa amesafiri kutoka Magara, na alikuwa ananitazama kama mlivyonitazama ninyi Jumapili ile. Nikajifuta povu kwenye suruali. Nikampa chupa. Nikapokea pesa zake na ndagala zake.

Alipoondoka nililiingiza kopo chini ya magunia ya soda ya kutengenezea sabuni. Nikasema nitaangalia baadaye la kufanya.

Bwana hakuningoja baadaye. Haikuisha wiki, Consolata akashikwa. Alikuwa amefungua funga yangu kwa kipande cha samaki wa kukaanga. Maumivu yalimkunja, upande wa kulia, chini ya mbavu. Akaniambia, "Ni yale ya kitabu chako. Nipe dawa."

Nilijua dawa ile ni kitu gani. Lakini kama singempa, angeuliza kwa nini, nami ningelazimika kumjibu. Nikampa. Nilisimama pale nikamshikia kikombe cha mafuta, naye akanywa mpaka mwisho, akikunja uso kwa uchachu wa ndimu, kwa sababu mimi ndiye niliyempa.

Usiku hakulala. Siku iliyofuata alitapika kila kitu. Siku ya tatu macho yake yaligeuka rangi ya ndizi mbivu, na mwili ukawa wa moto. Majirani walinishauri twende hospitali. Nikasema tusubiri, mawe yako njiani. Nilikuwa nimehesabu hivi: nikimpeleka, nitaulizwa alikunywa nini, na ushuhuda wangu utaanguka mbele ya watu wote. Niliweka kopo la sabuni upande mmoja wa mzani na mke wangu upande wa pili, nikasita.

Mchungaji alikuja jioni na wazee wawili kumwombea. Alisimama kando ya kitanda akasema kwa upole, "Mwalimu, lete lile kopo. Tulishike tukiomba, tumkumbushe Bwana alichokutendea."

Nikasema nimeliweka mbali.

"Mbali wapi? Tutamtuma mtu."

Hapo Consolata, ambaye tulidhani amelala, akafungua yale macho ya manjano.

"Liko bandani," alisema. "Chini ya magunia ya soda. Yameyeyuka. Ni sabuni."

Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

"Niliingia jana kutafuta kipande cha kufulia nguo nilizotapikia, nikaliona," aliendelea, akipumzika katikati ya maneno. "Baba Neema, nilikunywa kwa sababu nilijua huwezi kunipa kitu usichokiamini. Nikawa nakungoja useme mwenyewe. Lakini naona wewe unaliogopea kopo kuliko unavyoniogopea mimi."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu. Hakuna lililonipiga kama lile, lililotoka kwa mgonjwa aliyelala chali. Nilipiga magoti. Nikakiri mbele ya mchungaji na wazee. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa inuka. Tutaomba tukiwa njiani."

Hospitalini hapa Rumonge tulimkuta daktari wa kike, kijana. Alimpitisha Consolata kwenye mashine ya ekografi, akatuonyesha mfuko wa nyongo kwenye kioo, na ndani yake vivuli vyeusi vimekaa kama changarawe chini ya mtungi. Jiwe moja lilikuwa limetoka kwenye mfuko na kuziba mrija, ndiyo maana nyongo ilikuwa inarudi kwenye damu.

Akaniuliza maswali yaleyale ya kitabu changu: umri, uzazi, uzito, sukari, ukoo. Nikayajibu yote upesi. Kisha akauliza swali ambalo kitabu changu hakikuwa nalo.

"Amepungua mwili siku hizi? Kwa haraka?"

"Ndiyo," nilisema. "Mimi mwenyewe nilimpangia." Nadhani bado kulikuwa na majivuno kidogo katika sauti yangu.

"Mzee, hicho nacho kinaleta mawe," alisema. "Mtu akikaa muda mrefu bila kula, nyongo inakaa palepale haikamuliwi, inakuwa nzito kama uji usiokorogwa. Na mwili ukipungua kwa haraka, mafuta yanayoyeyuka yanamiminwa kwenye nyongo. Unene si mzuri. Lakini kupungua ni polepole, na mtu anakula."

Huo ndio ulikuwa ukurasa uliochanika.

Aliuliza kama alikunywa chochote. Nilimwambia, na mara hii sikuficha hata kijiko. Hakunikaripia. Alisema mafuta mengi kwa mara moja huukamua mfuko kwa nguvu, na kama mna jiwe, linaweza kusukumwa likakwama. Nikamuuliza kama jambo hili ni la nadra. Akatikisa kichwa. Alisema watu wengi wana mawe na hawajui, wanaishi nayo mpaka uzee bila kuumwa hata siku moja, na hao huachwa kama walivyo. Tangu walipopata mashine ile wanayaona hata kwa watu waliokuja kupimwa mambo mengine. Wanaume pia wanayo, na watoto wenye ugonjwa wa seli mundu, kwa sababu damu yao huvunjika mno. Dalili za kukimbia nazo hospitali, alisema, ni maumivu yasiyokwisha, homa, na macho ya manjano. Mke wangu alikuwa nazo zote tatu, na nilikuwa nimemweka nyumbani.

Ilibidi apasuliwe, na upasuaji wa kuondoa mawe ulikuwa Bujumbura tu. Gari la wagonjwa lilikuwapo, petroli haikuwapo. Nilizunguka mji mzima usiku ule nikitafuta mafuta ya gari, mimi mwenye mapipa ya mafuta bandani. Mwishowe mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akipeleka mukeke Bujumbura alikubali kutuchukua. Consolata alilala kati ya masanduku ya barafu, kichwa kwenye mapaja yangu, na homa yake ilinichoma kupitia nguo. Tulipita Magara alfajiri, mitumbwi ikirudi, wanawake wamejaa ufukweni na mabeseni. Nilitazama kila kitenge cha bluu. Tukapita Muhuta, barabara mbovu, na kwa kila shimo alinikamata mkono. Niliomba njia nzima. Sikuomba kwa ufasaha. Nilisema tu, Bwana, usimhesabie yeye kiburi changu.

Bwana alisikia. Walimpasua, wakaondoa mfuko wa nyongo na jiwe lililoziba. Homa ilishuka, na macho yake yakarudi kuwa meupe taratibu, siku hadi siku. Mtu anaweza kuishi vizuri bila ule mfuko, walitueleza, na mimi sikulijua hilo pia.

Daktari mpasuaji alinipa mawe yake ndani ya kitambaa. Yalikuwa ya kahawia, yenye kona, magumu kama mbegu. Niliyaweka kwenye dirisha la bati, kwenye jua kali, mchana kutwa. Hayakuyeyuka. Nilimletea Consolata kitandani, nikamwambia hayo ndiyo ya kweli.

"Yatupe," alisema. "Nyumba yangu imeona makopo ya kutosha."

Kabla hatujatoka niliomba nami nipimwe. Mfuko wangu wa nyongo haukuwa na kitu. Tumbo langu lilikuwa na kidonda kinachochukia pilipili, nikapewa vidonge, nikapona kwa namna ambayo hakuna mtu angeipigia vigelegele.

Ndugu zangu, huu ndio ushuhuda wangu. Sikuokolewa kutoka kwa mawe, kwa maana sikuwa nayo. Mke wangu ndiye aliyeokolewa kutoka kwa mawe, na mimi nikaokolewa kutoka kwa lile kopo. Namshukuru Mungu, namshukuru mchungaji aliyeomba njiani badala ya kutuzuia ndani, naishukuru mikono ya wale madaktari ambayo Mungu aliitumia wakati mimi nilikuwa nimeidharau. Namshukuru Consolata, aliyenisamehe kabla ya kovu lake kukauka. Kila mara ninapolitazama kovu lile nashusha macho, naye huniambia, "Tazama tu. Ni lako pia."

Kwenu ninyi wenye maumivu ya ubavu: mtumainini Bwana kwa moyo wote, na mpande ngazi za hospitali kwa miguu yote miwili. Hayo mawili hayagombani. Wala msimfungishe mtu njaa kwa jina la maombi ili apungue.

Walionunua chupa zangu nimewapitia nyumba kwa nyumba. Nimewarudishia pesa zao na kumwaga mafuta mbele ya macho yao. Wamenicheka, na wana haki. Wote hao niliwauzia kabla sijajua. Amebaki mmoja, niliyemuuzia nikiwa najua. Nimeenda Magara mara kadhaa, nimeuliza ufukweni, na mpaka leo sijampata. Ndiyo maana nimeiandika habari hii, na naomba isomwe kila kanisa na kila msikiti wa mwambao, na itajwe sokoni.

Mama wa ndagala, mwenye kitenge cha bluu chenye maua meupe na mtoto wa sita mgongoni: kama bado hujainywa ile chupa, imwage. Kama uliinywa na unaumwa, nenda hospitali leo, usipite kwangu kwanza. Ukishapona, njoo wewe au mtu wako yeyote: banda liko nyuma ya soko la mawese, na pesa zako nimezitenga: faranga elfu kumi.